Mganga wa Mtaani Kampala: Maswali ya Kumuuliza Kabla ya Kunywa Dawa Yake

Mama mmoja mzaliwa wa Bukavu aliingia kliniki moja ya Makindye, hapa Kampala, akitetemeka, jasho linamtiririka asubuhi ya baridi. Muuguzi, Mganda aliyejifunza Kiswahili shuleni, akamuuliza: "Mama, umeshapitia kwa mganga?" Mama akajibu bila kusita: "Ndiyo, muganga alinipiga shindano, akanipa na vidonge." Muuguzi akaandika kwenye daftari kwamba mgonjwa anatumia dawa za kienyeji.

Hawakuelewana. Kwa watu wa Kivu, mashariki mwa Kongo alikotoka mama huyu, shindano ni sindano, na muganga ni yeyote anayetibu, hata daktari wa koti jeupe. Anayechemsha mizizi ni muganga wa miti shamba, na anayepiga ramli ni mufumu. Kwa Waganda, daktari ni musawo. Mama alikuwa anamtaja daktari wa hospitali, aliyempa glibenklamidi ya kisukari. Dawa ya kienyeji aliyokuwa akiinywa kweli ilikuwa ndani ya kikapu chake, imetiwa kwenye chupa ya plastiki ya nusu lita. Ilikuwa maji ya kijani yaliyoiva, machungu hata kwa kunusa tu. Ulikuwa mubirizi, mti wa majani machungu ambao Waganda huuita mululuza. Alikunywa kikombe asubuhi na kikombe jioni, juu ya vidonge. Utafiti wa maabara umeonyesha kwamba majani haya hushusha sukari, na vidonge navyo vinashusha. Tulipompima, sukari yake ilikuwa imeshuka mno. Akapewa maji ya sukari, na baada ya robo saa akaanza kuwauliza watoto wake wamekula nini.

Mimi ni mfamasia. Nafundisha wanafunzi wa famasia na nasaidia kwenye kliniki za mitaa ambako wakimbizi ni wengi. Siandiki ili kumkataza mtu kwenda kwa mganga. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na ingawa wengi wako kwenye makazi kama Nakivale na Kyangwali, maelfu wamejibanza Kampala. Ukipita Katwe, Nsambya au Najjanankumbi utasikia Kiswahili cha Kivu na Kirundi kila kona, na Kisenyi utasikia Kisomali. Mganga wa kwao anaongea lugha yao, anafungua mlango usiku wa manane, anakubali kulipwa mwisho wa wiki, na anasikiliza kwa saa nzima. Kwenye foleni ya hospitali kubwa mgonjwa hupata dakika chache, tena kwa lugha ya kuazima. Hapo mtu kuchagua mganga si ujinga.

Kinachonitia wasiwasi ni kitu kilichobaki nyuma wakati watu walipovuka mpaka. Kijijini, mganga alikuwa na leseni bila karatasi. Watu walijua nani alimfundisha, alikaa miaka mingapi kwa mwalimu wake, nani alipona mikononi mwake na nani alizikwa. Aliyeharibu alikosa pa kuficha uso. Kampala, mtu anakodi muzigo, chumba kimoja cha mlango na dirisha, anapanga jerikeni na vifurushi vya magome, anatundika kibao, na kesho ni mganga wa magonjwa arobaini. Jirani wa kushoto katoka Uvira, wa kulia katoka Gitega, na hakuna amjuaye.

Miti nayo imebadilika. Mganga mzuri wa Walungu, kule Kivu, alijua mlima gani una mti gani, na uchimbwe msimu gani. Hapa ananunua kwa wauzaji wa mitishamba sokoni Owino, ambako majina ni ya Kiganda. Mubirizi na mululuza ni mti mmoja wenye majina mawili, hapo hakuna shida. Shida inakuja pale jina moja linapobeba miti miwili, au mganga anapokosa mzizi wa kwao na kuchukua "unaofanana". Mzee mmoja wa miti shamba aliwahi kuniambia kwamba nusu ya dawa za baba yake ameacha kuzitoa tangu afike Kampala, kwa sababu hana uhakika na mti anaouziwa. Mganga anayeweza kusema "hii sina" ndiye ninayemwamini.

Kwa hiyo maswali ambayo kijiji kilikuulizia, hapa mjini uyaulize mwenyewe, kwa heshima. Mzee, ulifundishwa na nani? Mti huu unaitwaje kwa lugha yetu, na kwa Kiganda? Kipimo ni kikombe au kijiko, na kwa siku ngapi? Nina mimba, au nanyonyesha, au nina vidonge vya presha: nikichanganya itakuwaje? Mganga wa kweli hakasiriki kwa maswali haya. Akikuambia uache vidonge vya presha, vya kisukari au vya virusi vya UKIMWI ili dawa yake "ifanye kazi", ondoka. Akikupa unga usio na jina unaomaliza maumivu yote ndani ya saa moja, jihadhari pia, kwa sababu dawa za kiwandani zilizosagwa na kufichwa ndani ya "mitishamba" zimekutwa katika nchi nyingi, hasa kwenye dawa za maumivu na za nguvu za kiume.

Sheria ya Uganda haiko dhidi ya waganga wa miti shamba. Hata sheria ya uchawi ya 1957 ilitenga wazi utengenezaji na uuzaji wa dawa za asili kwa nia njema, ikasema huo si uchawi. Mwaka 2019 ikaja sheria ya tiba asilia na tiba mbadala, inayotaka waganga wasajiliwe chini ya baraza lao. Dawa iliyofungashwa na kuuzwa dukani inapaswa kupitia Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA. Kuuliza "umesajiliwa?" ni haki yako, hata kama karatasi zako wewe ni za ukimbizi.

Yapo mambo ambayo sitayazungumza kwa upole. Kukata kilimi, yaani kimeo, cha mtoto kwa sababu anakohoa au hanyonyi ni hatari tupu: mtoto huvuja damu, hupata pepopunda, na kikohozi kinabaki palepale. Kung'oa kile Waganda wanachoita ebiino na Wanyarwanda ibyinyo ni vilevile. Yale "meno mabaya" meupe kwenye ufizi wa mtoto mwenye homa na kuhara ni meno yake halali ambayo bado hayajachomoza. Nimeona ufizi wa mtoto wa miezi mitano uliochokolewa kwa spoku ya baiskeli. Kuhara kwake kulitaka maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yaani ORS, pamoja na vidonge vya zinki, na maziwa ya mama yake yaendelee. Na wembe wa kuchanja usiingie mwilini mwako kama hukuuona ukitolewa kwenye karatasi yake.

Dada zetu wajawazito nao nawaomba: dawa ya kuharakisha uchungu msinywe. Baadhi ya miti hukaza mji wa mimba kwa nguvu ambayo hakuna anayeweza kuipima kwenye kikombe, na mji wa mimba ukipasuka, mama na mtoto wote wako hatarini. Hata mumbwa, ule udongo wenye mitishamba unaosuguliwa jiweni, na pemba, ule udongo mweupe wanaoutafuna akina mama wa Kongo, vitajeni kliniki. Udongo una madini, na madini kama chuma na kalsiamu hushikana na dolutegravir, dawa kuu ya virusi vya UKIMWI hapa Uganda, ikashindwa kufyonzwa vizuri mwilini.

Neno zito kuliko yote ni sumu. Kivu wengine huiita karuho. Mtu anakonda, anakohoa, tumbo linajaa, na ukoo unasema amewekewa kitu kwenye kinywaji. Mganga anamtapisha siku tatu. Mtu aliyekimbia vita, aliyeona majirani wakigeukana, simwambii kwamba hofu yake ni upuuzi. Namwambia tu kwamba wengi niliowaona wakiletwa na neno hilo walikuwa na kifua kikuu, au ini lililoharibiwa na homa ya ini ya B, na kuwatapisha kuliwaondolea maji na chumvi walizokuwa wanazihitaji. Kikohozi cha wiki 2 kinatosha kwenda kupimwa. Vipimo na dawa za kifua kikuu ni bure kwenye vituo vya serikali, na matibabu ya kawaida ni miezi 6.

Waliotoka Beni na Butembo, miji ya Kivu Kaskazini, hawahitaji kukumbushwa Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyoua zaidi ya watu 2,200. Wanakumbuka vile vituo vya tradimodeni, vinavyochanganya tiba ya kienyeji na ya kisasa, ambako mtoto wa malaria alilazwa karibu na mgonjwa wa Ebola. Uganda nayo ilipopata mlipuko wa Ebola wa Mubende mwaka 2022, serikali iliwaagiza waganga wa kienyeji wasimamishe kutibu. Waganga hugusa wagonjwa kwa mikono mitupu, na wao wenyewe hufa.

Upande wetu wa hospitali nao una kosa. Tunauliza vibaya, na mgonjwa akikiri tunamkaripia, basi safari ijayo anaficha chupa. Kwenye kliniki ile ya Makindye tumebadilisha swali. Sasa tunauliza: "Mama, mwezi huu umekunywa nini, umepakwa nini, umechanjwa wapi?" Ukija, beba chupa yenyewe, au majani yake kwenye mfuko.

Yule mzee wa miti shamba siku hizi ana daftari la kurasa zenye mistari. Juma lililopita alitutumia kijana kwa bodaboda, na karatasi iliyochanwa mkononi: "Huyu anakohoa wiki tatu, usiku anatoka jasho. Dawa yangu ni ya kifua cha baridi, hii siyo. Mumpime."