Msaada wa sayansi ya data kwa utafiti shirikishi wa ikolojia ni nini?

Ni kazi ya mtaalamu wa data anayefanya kazi bega kwa bega na kundi la wanaikolojia, ili data walizokusanya kila mmoja kwa wakati wake na kwa namna yake ziweze kuchambuliwa kwa pamoja. Si fundi wa kuitwa kompyuta inapogoma. Wala si mtakwimu anayeletewa jedwali lililokamilika apige hesabu. Kazi yake kubwa huwa imefanyika kabla hesabu hazijaanza, na huko ndiko watafiti wengi hukwama.

Haja hii imetokana na namna ikolojia inavyofanywa. Mtafiti anaweza kuhesabu nyasi katika viwanja vilevile vya mita moja ya mraba miaka nenda miaka rudi, lakini swali kama vile ukame unaathirije mbuga za nyasi kwa ujumla haliwezi kujibiwa na viwanja vya mtu mmoja. Mwaka 1980 Marekani ilianzisha LTER, mtandao wa vituo vya utafiti wa ikolojia wa muda mrefu. Mwaka 1995 kikafunguliwa kituo cha NCEAS huko Santa Barbara, California, ambako watafiti huja kuunganisha na kuchambua data ambazo tayari zipo, badala ya kwenda kukusanya mpya. Vikundi kazi vya aina hiyo hukutana siku chache, kisha kila mtu anarudi kwenye madarasa na majukumu yake, na kazi huanza kulala. Mchambuzi wa data ndiye anayeifanya isilale.

Tuseme vituo vitatu vimeleta majedwali ya mimea ya savana. Kimoja kimepima uzito wa mimea mikavu kwa gramu kwa kila mita ya mraba, kingine kwa kilo kwa hekta. Gramu 1 kwa mita ya mraba ni sawa na kilo 10 kwa hekta, kwa hiyo anayeunganisha bila kutazama vipimo atadhani kituo cha pili kina rutuba ya ajabu. Kituo kimoja kimeandika Acacia tortilis, cha tatu Vachellia tortilis. Ni mgunga uleule. Migunga ya Afrika ilipoteza jina la Acacia baada ya mkutano wa kimataifa wa botania wa Vienna, 2005, kuamua jina hilo libaki na jamaa zao wa Australia. Kompyuta haina habari na mkutano huo, itahesabu spishi mbili. Halafu kuna -9999, namba ambayo wengi huijaza mahali kipimo kilipokosekana. Ikisahaulika ndani ya safu ya halijoto, wastani unaweza kuonyesha baridi isiyowahi kutokea popote duniani, na hilo angalau mtu ataligundua.

Kisanduku kitupu katika jedwali ndicho cha hatari, maana hakipigi kelele. Je, spishi ilitafutwa ikakosekana, au siku ile hakuna aliyeitafuta? Jibu la kwanza ni sifuri, na sifuri ni data. La pili halihesabiwi kabisa. Hakuna programu inayoweza kuamua hapo. Lazima aulizwe aliyekuwa uwandani, pengine kwa barua pepe tatu na simu moja. Ndiyo maana naona ni kosa kuiita kazi hii usafishaji tu, kwani kila uamuzi wa namna hiyo unaweza kubadilisha matokeo.

Kwa hiyo maamuzi hayo hayafanywi kimyakimya kwenye lahajedwali. Faili asili huachwa kama zilivyo, na kila badiliko huandikwa kama msimbo, yaani maagizo kwa kompyuta, mara nyingi kwa lugha za programu R au Python, na historia yake huhifadhiwa kwa Git, programu ya kutunza kumbukumbu za mabadiliko ya faili, ili mwenzako aone nani alibadilisha nini na kwa sababu gani. Data zilizounganishwa hupelekwa kwenye hifadhi ya umma pamoja na metadata, yaani maelezo ya nani alipima, wapi, lini na kwa kipimo gani.

Mtaalamu huyu anapaswa kualikwa tangu mkutano wa kwanza, swali likiwa bado linajadiliwa. Akiitwa mwishoni, atakuta swali linadai data ambazo hakuna kituo hata kimoja kilichozikusanya. Na akishiriki maamuzi yanayogusa matokeo, jina lake liwe miongoni mwa waandishi wa makala. Shukrani ya mstari mmoja haitoshi.

Kuna pia suala la nini kiwekwe wazi. Mahali hasa anapozaliana mnyama adimu hapachapishwi kama palivyo. Majira ya nukta, yaani namba za latitudo na longitudo za mahali hapo, hufifishwa hadi kiwango kinachotosha kwa uchambuzi lakini kisichomsaidia jangili, na kiwango hicho hukubaliwa na kundi zima kabla data hazijatolewa.