Huu si mmea wa jangwani, jamani

Kila anayenunua mmea wa chungu uitwao Aeonium tabuliforme kishaambiwa: "Majani manene hayo, wa jangwani huo. Uanike juani, maji mara moja kwa mwezi." Kisha analalamika kauziwa mmea mbovu.

Kwao ni Tenerife, Visiwa vya Canary, kwenye nyufa za majabali ya kaskazini, ambako upepo wa bahari huleta ukungu na ubaridi. Ukiuanika juani Malindi mwezi wa Februari, unaupika.

Kinachonikera zaidi ni mkao. Majani huweza kufika 200, yamelala bapa kama sinia, basi watu hudhani na chungu kikae sawa. Kwao umejibandika ubavuni mwa jabali. Maji yakiupiga yanateremka. Huku kwetu masika yakimwagika juu ya mmea uliokaa sawa, maji hutuama katikati, kwenye kichipukizi. Hicho kikioza, umekwisha, maana kwa kawaida hautoi tawi la kuuokoa. Uinamishe! Kiegemeze chungu kwenye kigae hadi uso wa mmea utazame pembeni, nyuzi 45 au zaidi. Kuupachika kwenye ufa wa ukuta wa matumbawe kunapendeza macho, ila chokaa na chumvi ya ukuta vinanitia wasiwasi.

Udongo: mchanga wa mto sehemu mbili, matofali yaliyopondwa moja, mboji moja. Mchanga wa ufukweni hapana, una chumvi.

Mahali pake ni kiwanda, yaani ua wa ndani, cha nyumba ya Lamu, pembeni: mwanga upo, jua la adhuhuri halifiki. Wakati wa kusi, mwagia kila udongo wa juu ukikauka, pembeni mwa chungu, si juu ya majani. Joto la kaskazi likipanda, majani hujikunja na ya chini hukauka. Mmea unapumzika, hauna kiu. Hapo ndipo mtu huongeza maji, na mizizi huoza.

Joto la usiku la Machi sina dawa yake. Kivuli huzuia jua, usiku hakiupozi, kwa hiyo simwahidi mtu kwamba wake utachanua. Ukichanua, shina la maua ya manjano hutoka katikati, halafu mmea wote hufa. Si ugonjwa, msipige dawa. Vuna mbegu, ni vumbi tupu, uzinyunyize juu ya udongo bila kuzifukia. Chungu kiweke ndani ya karai lenye maji kidogo kinyonye kutoka chini; ukimwagia juu, zitasombwa zote.