Kasa haikai hewani

Jana tena. Kijana kaja stesheneri na barua ya maombi ya kazi kwenye flashi, anataka niprinti tu. "Mara moja dada, nina haraka." Naifungua: anwani yake juu kulia imekaa kama ngazi iliyong'oka, sanduku la posta huku, jina la mji kule. Nikabonyeza Ctrl+Shift+8, ili Word (programu ya kuandikia) ionyeshe alama zilizofichika, nukta moja kwa kila spesi. Nukta, nukta, nukta. Kila mstari umesukumwa kwa spesi kama 30 hivi.

"Mbona kwangu ilikuwa imenyooka?"

Kwako fonti ilikuwa nyingine, mdogo wangu. Upana wa spesi hubadilika na fonti.

"Sasa nifanyeje, na nikikliki pale kulia kasa haiendi?"

Hapo ndipo ninapochoka. Kasa (kile kimstari kinachowaka na kuzima, si yule wa baharini) haikai kwenye karatasi. Inakaa kati ya herufi na herufi. Ule weupe unaouona kwenye skrini hauna kitu, na pasipo na kitu kasa haina pa kusimama. Ndiyo maana ukikliki mara moja chini kabisa ya ukurasa inarudi kujibanza palepale maandishi yalipoishia. Ukikliki mara mbili, Word inaweza kukubali, lakini usidhani imekutii bure: imejaza aya tupu kimyakimya mpaka ikafika hapo. Washa zile alama uone mwenyewe. Kesho ukiongeza mstari mmoja juu, vyote vinashuka, kisha unaniambia mashine yangu mbovu.

Na anwani ya kulia? Usibonyeze kitufe cha kupanga kulia, maana mistari itanyooka upande wa kulia na kushoto ibaki meno meno. Chagua mistari yote ya anwani, shika kile kisanduku kidogo cha chini upande wa kushoto wa rula (ule mstari wa vipimo juu ya ukurasa), kivute hadi unapotaka ianzie. Basi.

Upesi, kabla sijasahau: gurudumu la mausi halihamishi kasa. Unashuka nalo hadi ukurasa wa 40, unaanza kuchapa, ghafla uko ukurasa wa 3 na hitimisho lako limeingia katikati ya shukrani. Kompyuta haina jini. Hukukliki.

Kuna pahali hata mimi bado napigwa chenga: mpakani mwa herufi nzito na za kawaida. Kasa inaonekana imesimama palepale, lakini herufi inayokuja itatoka nzito au ya kawaida? Mara nyingi hufuata herufi iliyo nyuma yake, na mwanzoni mwa aya hufuata ya mbele. Najua hivyo, na bado kila siku nachapa herufi moja, naiangalia, naifuta.