Kumfungia mtoto gizani hakuponyi mtikisiko wa ubongo

Nimeletewa tena barua ileile: "Mwanafunzi apumzike nyumbani hadi kichwa kiache kuuma kabisa." Ina muhuri na sahihi ya daktari. Mtoto aligongwa kichwa, ubongo ukatikisika, na sasa yuko wiki ya tatu chumbani, mapazia yameshushwa, simu imefungiwa kabatini, na wazazi wanashangaa mbona kichwa bado kinauma. Jamani! Mchukue mtu mzima ambaye hajagongwa popote, mfungie gizani wiki tatu bila rafiki wala kazi, uone kama hatatoka na kichwa kizito, usingizi uliovurugika na hasira za bure.

Ya dharura niyamalize haraka. Kutapika mara kwa mara, degedege, kichwa kinachozidi kuuma, mkono au mguu kukosa nguvu, mboni zisizolingana, usingizi asioamshika: hospitali sasa hivi. Anayeshukiwa kuumia anatoka uwanjani na harudi siku hiyo, hata kama hakuzirai, wengi hawazirai. Na picha ya CT, ile ya mashine inayopiga kichwa kwa ndani, ikiwa safi, maana yake hakuna damu iliyovuja wala fuvu lililopasuka. Mtikisiko wenyewe haumo kwenye picha hiyo.

Sasa hilo giza. Tulilieneza sisi wenyewe madaktari, na tumeshindwa kulirudisha. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya jaribio la vijana 88: walioagizwa kupumzika kabisa siku tano waliripoti dalili nyingi kuliko walioagizwa siku moja au mbili. Wataalamu walipokutana Amsterdam mwaka 2022 walishauri mapumziko ya kadiri kwa saa 24 hadi 48, huku mtoto akitembeatembea na kupunguza simu na runinga, kisha shughuli ziongezwe kidogokidogo. Maumivu yakipanda kwa alama zisizozidi mbili katika kumi, yakatulia kabla ya saa moja kwisha, hajaharibikiwa. Aendelee. Hapo ndipo walimu hunikodolea macho.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba shule inajua hali mbili tu: yupo au hayupo. Nusu siku je? Kunakili kutoka ubaoni kunaonekana kazi ndogo, lakini macho hupanda mbali, hushuka karibu, hutafuta mstari, hupanda tena, kipindi kizima, na uratibu wa macho na mizani ya mwili mara nyingi ndio uliovurugika. Mpe maelezo yaliyochapwa, asikilize tu. Apumzike pembeni kelele zikimzidi. Mtihani usubiri. Halafu mwalimu ananiambia, "Lakini daktari, jana alikuwa anacheka na wenzake." Kucheka hakuhitaji kunakili kurasa mbili!

Michezo ya kugongana isubiri hadi amerudia masomo yote na hana dalili, hata akikimbia. Hatua za kurudi uwanjani huenda moja moja, kila moja angalau saa 24, na kabla ya hatua yenye hatari ya kugongwa daktari aidhinishe. Kocha hapigi kura.

Wengi hupona ndani ya mwezi. Kwa wasiopona, siwezi kujidai najua kila kitu. Wiki ya sita sijui vizuri kichwa kinachouma ni cha ubongo, cha shingo iliyotikiswa siku ileile, cha usingizi mbaya, au cha hofu ya masomo yaliyolimbikizana, na hakuna kipimo cha damu cha kuniamulia. Alama za dalili anazitaja mtoto mwenyewe. Mwenye fainali Jumamosi anasema sifuri. Mwenye hesabu Jumatatu anasema tisa. Wa pili huwa namwamini kwanza, kwa sababu akinidanganya tunapoteza jaribio la hesabu. Wa kwanza namkazia macho asome maandishi huku akigeuza kichwa kushoto na kulia, kisha nampandisha baiskeli ya mazoezi nione uso wake mapigo ya moyo yakipanda.