Ngitili: nyasi zinazowekwa akiba

Ngitili ni neno la Kisukuma. Ni malisho yanayofungwa mvua zinapoanza, Novemba hivi, nyasi zikaachwa zikue bila kuguswa, kisha yakafunguliwa kiangazi kikishakaza. Wengine huiita msitu wa hifadhi. Miti imo, ni kweli, lakini kinachowekwa humo kwanza ni nyasi, kama vile mtu anavyoweka mtama ghalani.

Ifikapo Septemba huko Shinyanga, malisho ya wazi yamebaki vumbi. Ng'ombe wenye nguvu huswagwa mbali kutafuta majani. Wasioiweza safari hiyo, yaani ndama, wagonjwa, waliozeeka, pamoja na maksai wa kulimia, ndio wanaoingizwa ngitili iliyo karibu na boma. Nao hawaachiwi kuzurura: hulishwa upande mmoja hadi uishe, ndipo wahamie wa pili. Mvua ikichelewa wiki tatu, kipande ambacho hakijaguswa ndicho kitakachoamua kama maksai watalivuta jembe au watalala mtaroni. Ndiyo maana ngitili hutajwa kila panapozungumzwa mabadiliko ya tabianchi. Haimwambii mfugaji mvua itanyesha lini. Inampa nafasi ya kukosea.

Ua mara nyingi hakuna. Mpaka ni mti fulani au kichuguu, na kila jirani anaujua. Ziko ngitili za kaya na ziko za kijiji. Ulinzi wake ni makubaliano: anayeingiza mifugo wakati imefungwa huitwa mbele ya dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, akatozwa faini, na sungusungu, yaani walinzi wa jadi wa kijiji, huhakikisha imelipwa. Kwa maoni yangu, ujuzi wenyewe uko hapa zaidi kuliko kwenye nyasi. Kufunga malisho si kazi; kazi ni kuyaacha yamefungwa huku ng'ombe wako wanalia njaa.

Utaratibu huo ulikaribia kufa. Wakati wa ukoloni misitu ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, na miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, mbali na ngitili zao. Zikabaki bila mwenyewe. Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, ngitili zilizoorodheshwa hazikuzidi sana hekta 600. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, sehemu kubwa ikiwa ni visiki vilivyochipua vyenyewe baada ya kupumzishwa.

Siku hizi ardhi inagawanywa kwa watoto hadi kipande hakitoshi kufungwa, na baadhi ya wenye ngitili huzikodisha kwa wafugaji wenye fedha. Asiye na ng'ombe wala ardhi hunufaika na ya kijiji tu: kuni, uyoga, dawa, na nyasi za kuezekea.