Makaburi ya Bagamoyo na Kaole: yasemwayo na ukweli wake

Wageni wengi wakifika Bagamoyo huulizia kaburi la David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi Mwingereza. Halipo. Alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Watumishi wake Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wake huko, wakaubeba mwili hadi pwani. Februari 1874 ulilala usiku mmoja katika misheni ya Kikatoliki ya Bagamoyo, ukavushwa Zanzibar, na Aprili ukazikwa London.

Wengine hudhani misheni yenyewe ni ya Wajerumani. Sivyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walitoka Ufaransa na kuanza kazi Bagamoyo mwaka 1868, kabla Ujerumani haijawa na koloni hapa. Katika makaburi yao wamo wengi waliokufa wangali vijana kwa homa. Wajerumani wana makaburi yao mbali na hayo, upande wa baharini, yakiwemo ya askari wa vita dhidi ya Abushiri, aliyeongoza upinzani wa watu wa pwani dhidi ya Wajerumani.

Dhana inayoniuma zaidi ni ile ya kwamba historia ya hapa ilianza na wageni hao. Nenda Kaole, yapata kilomita tano kusini, kwenye msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 13. Makaburi yaliyouzunguka yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na baadhi yana nguzo. Tazama nguzo kwa karibu: utaona vishimo vya mviringo, ambamo mabakuli ya China yalipachikwa. Mabakuli hayo yaliletwa na biashara. Hayathibitishi kwamba Wachina waliishi Kaole.

Basi itakuwa kazi ya Waarabu, utaambiwa. Lakini makaburi ya nguzo ni ujenzi wa Waswahili, kuanzia Somalia hadi Tanzania. Mwaka 2023 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani kama Manda, Mtwapa na Kilwa. Kaole haikuwemo, ila picha ya pwani ilijitokeza: kuanzia yapata mwaka 1000 wanaume wenye asili ya Uajemi walioa wanawake wa Kiafrika. Kwa hiyo masimulizi ya Washirazi, yaani kwamba baadhi ya mababu wa watu wa pwani walitoka Uajemi, yana msingi, lakini mama zao walikuwa wenyeji, na kusema, kama wengine wasemavyo, kwamba wenyeji walikuwa vibarua tu katika mji wa watu wengine ni kuwadhulumu.

Na Kaole si mahame yaliyosahauliwa. Kwenye kaburi la Sharifa watu wanafika mpaka leo kuomba dua.