Je, wajua kwa nini mgonjwa wa kitandani anatoka vidonda hata kama godoro ni laini?

Watu wakiona mgonjwa wa stroku ametoka kidonda matakoni wanaanza maneno, oo hawamwogeshi, oo shuka chafu. Usafi una nafasi yake kweli, mkojo ukikaa kwenye pampasi ngozi inalainika na kuchubuka upesi, ila chanzo chenyewe mara nyingi ni kingine: seli za ngozi na nyama ya chini yake zimekosa oksijeni.

Iko hivi. Tumezoea kusikia presha ya 120, sasa kwenye vile vimishipa vya mwisho kabisa vinavyolisha ngozi presha inakuwa imeshuka hadi 30 hivi, kwaiyo havihitaji kitu kizito kuzibwa. Mgonjwa akilala chali, uzito unatua kwenye mfupa wa juu ya makalio na kwenye visigino, vimishipa vinabanwa kati ya mfupa na godoro, damu haipiti. Sisi wazima tunajigeuza usingizini bila hata kujua, aliyepooza hawezi, na wengine hata maumivu hawayasikii.

Seli ikikosa oksijeni haifi hapo hapo. Inaanza kuchoma sukari kwa njia ya dharura, inapata nguvu kiduchu na asidi inajaa, baadae pampu za kutoa chumvi nje ya seli zinazima, maji yanaingia, seli inavimba. Cha ajabu zaidi ni damu ikirudi. Ile oksijeni ikiingia ghafla kwenye seli zilizochoka inazaa kemikali kali zinazoziunguza, halafu chembe nyeupe za damu zinakimbilia pale na kuongeza joto na uvimbe, yani msaada wenyewe unaharibu.

Na nyama huwa inakufa kabla ya ngozi, maana inakula oksijeni nyingi zaidi, wakati tabaka la juu la ngozi linajichukulia ya kwake moja kwa moja hewani. Ndo maana unaweza kuona kidoa kidogo tu juu kumbe ndani pameshakuwa shimo.

Mwili una alamu yake lakini, protini inaitwa HIF. Seli inaitengeneza muda wote na oksijeni ikiwepo inavunjwa ndani ya dakika chache, ikikosekana inajaa na kuamuru vimishipa vipya viote na seli zibane matumizi. Wanasayansi Semenza, Ratcliffe na Kaelin walipewa Nobeli ya tiba 2019 kwa kugundua mfumo huo. Shida ni kwamba mishipa mipya inachukua siku kadhaa, na mgonjwa bado amelalia palepale!

Kwaiyo kinga kubwa ni kumgeuza, wengi wanafundishwa kila baada ya masaa mawili, ila ngozi ikionyesha dalili mapema usisubiri muda. Akilala ubavu asilale wima kabisa, mwegemeze kidogo na mto mgongoni ili mfupa wa nyonga usibebe kila kitu. Visigino vining'inie, weka mto chini ya mashavu ya miguu. Na unapomsogeza mnyanyueni na shuka watu wawili, kumburuza kunavuta ngozi na kuvikunja vimishipa.

Kwenye ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu. Pitisha mgongo wa mkono, pakiwa pa moto au pagumu kuliko pembeni, au rangi imeiva kuliko kawaida, hapo asipalalie tena mpaka pawe sawa. Usipasugue wala kupakanda, najua bibi zetu walipakanda kwa spiriti, ila unakanda seli ambazo tayari zimeumia na spiriti inakausha ngozi. Ule mpira wa duara wenye tundu katikati nao achana nao, unabana damu pembeni kote na katikati panakosa kabisa, bora uwape watoto wakaogelee nao.